Dagaa wa Mama Kwenye Nyonga ya Dinosaria

Kazi yangu ni kusoma mifupa ya dinosaria, na kwetu Kigoma dinosaria hayupo. Hayupo na hatapatikana. Mawe ya huku ni ya zamani mno, yalishakuwa mawe kabla dunia haijaona mnyama mwenye uti wa mgongo. Ziwa nalo ni jipya mno, bonde lake lilididimia wakati dinosaria wa mwisho ameshasahaulika. Kwa kifupi, tulirukwa. Nimewaeleza hivyo watu wa mtaa wetu, Katubuka, tangu nilipopata shahada ya kwanza, na mpaka leo nikirudi likizo hakosi mtu wa kunigongea mlango na mfuko wa mifupa ya ng'ombe. Mmoja aliniletea taya la kiboko likiwa bado na nyama, akataka nimwambie lina umri gani. Nikamwambia lina siku nne. Aliondoka amenuna. Mwingine, mstaafu wa reli mwenye heshima zake, hunisimamisha njiani kila mwaka kuniuliza yule mjusi wetu, dinosaria aliyepelekwa Ujerumani enzi za ukoloni, nitamrudisha lini, utadhani nimemsahau mimi stendi.

Mama yangu hakuwahi kuniletea mfupa. Yeye ni mwanamke wa dagaa. Ananunua kwa wavuvi pale ufukweni Katonga, anaanika, anauza kwa wachuuzi wa Tabora na Dodoma, na maoni yake kuhusu kazi yangu aliyatoa mara moja tu, asubuhi moja nikiwa nakimbizana na begi nisikose basi la Mpanda.

"Hao wanyama wako wamekufa?"

"Wamekufa, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa haraka ya nini?"

Nikafunga zipu ya begi, nikatoka mbio.

Ili mnielewe, lazima niwaambie kwanza kuhusu chanja. Zamani dagaa wote wa Katonga walianikwa mchangani. Unawamwaga, unawatandaza kwa mkono, jua linafanya kazi yake, na mlaji wa Dodoma anatafuna dagaa pamoja na ufukwe wetu kidogo. Kisha zikaja chanja, vitanda vya miti vilivyotandikwa wavu, dagaa wanakauka juu juu bila kugusa chini. Mama alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwa na chanja, na tangu siku hiyo tulikoma. Mchuuzi akifika, mama anamjazia kiganja dagaa wakavu, anamwambia tafuna. Mchuuzi anatafuna. "Umesikia hata punje moja?" Hapana, mama. "Basi nenda kawaambie wenzako." Jina lake pale Katonga lilisimama juu ya chanja hiyo. Mimi mwenyewe nimelisha watu porojo hiyo hiyo tangu utotoni, kwa sauti ya majigambo, kama vile chanja nilijenga mimi.

Aliyeanika karibu naye ni jirani yetu, mama mmoja Mrundi aliyefika Kigoma akiwa binti, akaolewa hapa, akazaa hapa, akazeeka hapa. Yeye ni wa kanisani, mama ni wa msikitini, na kwa miaka yote niliyowafahamu walikuwa wakikopeshana chumvi, kiberiti, na masengenyo. Mmoja akiugua, mwingine anamgeuzia dagaa wake juani. Jirani huyu hakuwa na chanja. Alianika mchangani na hakuona haya, akisema ziwa ni la Mungu na mchanga ni wa Mungu.

Sasa magunia.

Mwaka wa kisa hiki nilikuwa nimemaliza shahada ya pili na nilikuwa nafanya kazi kwenye kambi ya uchimbaji kusini, bonde la Rukwa, kwenye ule mwamba mwekundu walimolala dinosaria wetu. Kiongozi wa kambi alikuwa profesa mmoja mzungu, mwanamke wa makamo, mwenye mvi na Kiswahili safi kuliko changu. Kwenye chuo chake kulikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamivu. Moja. Naye ndiye wa kuandika barua ya kunipendekeza. Bila barua ile, ningerudi Katubuka kuwaambia watu umri wa mataya ya kiboko maisha yangu yote.

Mfupa wa dinosaria hauchomolewi ardhini kama muhogo. Umepasuka pasuka, ukiuinua unabaki na kokoto. Kwa hiyo unachimba kuuzunguka ukiwa na mwamba wake, unaupaka gundi nyepesi, unaufunika kwa tishu za chooni zilizoloweshwa maji, halafu juu yake unaviringisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye jasi, ile plasta wanayofungia mguu uliovunjika hospitalini. Ikikauka, una donge gumu jeupe la kusafirisha hata Ulaya. Tishu ina kazi yake: inazuia gunia lisigusane na mfupa. Na gunia lazima liwe la katani, maana jasi haishiki kwenye haya ya plastiki.

Profesa alinituma nije na magunia ya katani ishirini, mapya, masafi. Alirudia neno "mapya" na neno "masafi" kila moja mara mbili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Kigoma ni mji wa magunia. Nikaja nyumbani, nikala migebuka, nikazunguka na marafiki nikijiita mtafiti, na siku ya safari ilipokaribia ndipo nikakumbuka. Nilipita maduka yote ya mjini. Plastiki, plastiki, plastiki. Muuza duka mmoja aliniambia gunia la katani jipya mara ya mwisho aliliona kabla hajaoa.

Lakini nyumbani kwetu, stoo, kulikuwa na rundo la magunia ya katani. Mama aliyatunza kuliko alivyotutunza sisi, kwa sababu alisema dagaa hupumua ndani ya katani. Mama alikuwa Katonga. Nikasema moyoni, nitamwambia baadaye. Nikachukua ishirini, nikayakung'uta uani, vumbi na magamba vikaruka, nikayafunga kamba, nikayapeleka stendi. Kuyafua sikuyafua, maana yasingekauka. Na kumwambia mama baadaye, hiyo baadaye haikufika.

Nilibeba na zawadi ya kambi: dagaa wa mama, na dumu la mawese yaliyotiwa pilipili za kwetu. Siku ya kwanza nilipika mwenyewe, nikasifiwa mpaka kichwa kikavimba. Siku ya pili kambi nzima ilikuwa inapishana njia ya chooni. Wanafunzi wa kizungu, madereva, mpaka yule mpishi kutoka Singida aliyenitukana kimyakimya kwa macho. Mimi peke yangu nilikuwa mzima, nikitembea katikati ya wagonjwa kama daktari wa zamu, na hilo liliwaudhi zaidi. Hali hiyo ilidumu siku tatu, ikamaliza tishu zote tulizoleta. Profesa, ambaye alijikaza kuliko wote, aliniambia kwa upole kwamba mama yangu amempa muda mwingi wa kukaa peke yake akifikiria dinosaria.

Msimu ulipokaribia mwisho tulikuwa na donge moja limebaki, na ndilo kubwa kuliko yote: nyonga ya dinosaria wa shingo ndefu, na mbavu mbili zimelala pembeni yake. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Profesa alinipa mimi upande mmoja nifunge mwenyewe, kwa sababu aliniamini. Tishu hakuna. Tukatumia magazeti yaliyoloweshwa. Magazeti nayo yakaisha upande wangu, pembeni kabisa, eneo la ukubwa wa sinia. Gundi ilikuwa bado mbichi, jasi inaanza kuganda kwenye ndoo, mvua inanukia. Nikabandika gunia moja kwa moja juu ya mfupa.

"Umefunika kote?" profesa aliuliza kutoka upande wa pili.

"Kote," nikasema, na nikapiga donge kofi kama fundi.

Niliporudi Kigoma nilikuta vita. Mama alikuwa ameingia stoo, akakuta magunia yake hayapo, akapiga hesabu ya nani anaijua stoo ile, na akaangukia kwa jirani. Jirani alikana. Mama hakumwamini. Walikuwa hawasalimiani. Mama akimwona anakuja, anageuza uso ziwani. Jirani naye alikuwa ameacha kupita uani kwetu, anazunguka barabara nzima kwa miguu yake yenye baridi yabisi. Nilisimuliwa yote hayo nikiwa naosha miguu, na mama akamalizia kwa kuniuliza: wewe ungemfanya nini mtu kama huyo?

Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema ningemsamehe. Mama akanitazama akaona nimeharibiwa na shule.

Nilipiga kimya wiki ya kwanza, na kimya kikishapigwa wiki ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi. Nilijiambia watapatana wenyewe. Nilijiambia nitanunua magunia mengine niyarudishe stoo kimyakimya. Nilijiambia mambo mengi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga, na hasira za mama nilizijua.

Miezi ikapita. Nilikuwa Katonga nikimsaidia mama kugeuza dagaa pale simu ilipolia, ujumbe wa profesa kutoka maabara yake. Walikuwa wamefungua lile donge. Ujumbe ulikuwa mrefu na wenye furaha isiyo ya kawaida yake. Pembeni mwa nyonga, upande wangu, wamekuta samaki. Samaki wadogo watatu, mmoja hana kichwa, wamejikunja, wameshikamana na ubavu wa dinosaria. Na pamoja nao punje za mchanga mweupe, tofauti kabisa na mwamba mwekundu wa pale. Alidhani mchanga huo uliletwa na mto wa kale uliotoka mbali, ukamfukia mnyama pamoja na samaki wake. Haijawahi kuonekana. Anaandika makala, na jina langu litafuata lake, kwa kuwa upande ule nilifunga mimi. Barua ya uzamivu ataituma pamoja na habari hiyo, nani atakataa?

Chini yake picha nne.

Nilifungua picha ya kwanza. Nimekula dagaa tangu sijaota meno. Nimewachambua, nimewageuza, nimewachomoa kwenye nywele zangu. Gundi ilikuwa imewapa rangi ya kahawia na jasi imewapaka weupe, lakini hata ungewavika suti ningewajua. Yule wa katikati alikuwa bado na jicho.

Mama akachungulia begani kwangu. Akasogeza simu karibu na uso wake, akairudisha mbali, akaisogeza tena.

"Dagaa wetu hawa mbona umewaweka kwenye saruji?"

"Siyo dagaa, mama. Ni visukuku."

"Visu nini?"

"Samaki wa zamani sana waliogeuka mawe."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu," akasema, "huyu hana hata mwaka."

Siku mbili zilizofuata sikula. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote. Profesa ana furaha, jina langu linachapishwa, barua inakwenda, mimi napanda ndege. Nani angejua? Baadaye sana, labda mtu mmoja mwenye roho mbaya angekata kijipande akagundua mnyama wa zama za dinosaria ana mafuta bado. Ila wakati huo mimi ningekuwa mbali. Nikisema, basi: nilileta magunia machafu nilipoambiwa masafi, nilidanganya nimefunika kote, na kwa ajili yangu mwanamke aliyenifundisha kazi anakaribia kusimama mbele ya wenzake wa dunia nzima kutangaza mto wa kale ambao ni ufukwe wa Katonga. Hapo barua sahau. Nitaje ukweli wote: sikufikiria haki. Nilifikiria barua, usiku na mchana, mpaka nikawa namkasirikia dagaa yule mwenye jicho.

Aliyeamua ni jirani, bila kujua.

Asubuhi ya siku ya tatu boti zilikuwa zimeshusha dagaa wengi, ufukwe umejaa wanunuzi. Jirani alikuja na beseni lake, na akawa amefunika kwa kipande cha gunia la katani. Kipande tu, kikuukuu. Mama alikiona. Sijui nini kilimpanda, maana alikuwa amekaa kimya miezi yote hiyo. Alisimama akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kunadi, kwamba wezi siku hizi hawaoni hata haya, wanafunikia beseni mali ya watu.

Jirani aliweka beseni chini. Alianza kukusanya vitu vyake, kibao cha kukalia, ndoo, fagio la kufagilia mchanga. Akasema polepole kwa sauti iliyovunjika kwamba ana ndugu kijijini Mwamgongo, atahamia huko, aanike huko, na sisi tubaki na Katonga yetu. Alikuwa analia, machozi yanaanguka kwenye dagaa. Mtu mzima, ananifahamu tangu nazaliwa, alinibeba mgongoni.

"Magunia nilichukua mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini ufukwe mzima ulisikia, kama inavyokuwa siku zote kwa jambo ulilotaka wachache walisikie.

Mama aligeuka. "Unasema?"

"Ishirini. Nilikwenda nayo Rukwa. Tulifungia mifupa."

"Yako wapi?"

"Yako Ulaya, mama."

"Magunia yangu yako Ulaya." Alisema kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha. "Yanafanya nini huko?"

Ikabidi niseme yote, pale pale, wanunuzi wakisogea na vikapu vyao wasikose neno. Dagaa. Nyonga. Mchanga. Profesa. Barua. Nilipofika pale pa mto wa kale, jirani alikuwa ameacha kukusanya vitu, amesimama na fagio mkononi. Mama alivua kandambili moja, nikajiandaa, akaishika tu mkononi muda mrefu. Kisha akaivaa tena.

"Ulimwacha mwenzangu aitwe mwizi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mpigie huyo mzungu wako."

Nilipiga kwa video, na simu ikapokelewa. Profesa alikuwa amevaa miwani ya kazi, nyuma yake naona rafu za mifupa. Nikaanza: shikamoo, habari za huko, nina jambo. Nikakwama. Mama akanipokonya simu, akaielekeza kwenye uso wake karibu mno, nadhani profesa aliona pua peke yake. Wakapeana shikamoo kwa zamu kwa sababu hakuna aliyejua nani mkubwa. Wakaulizana habari za watoto, za kazi, za jua. Mimi pembeni roho inataka kutoka.

"Mwenzangu," mama akasema, "hao samaki wako ni dagaa wangu. Wa hapa Katonga. Niliwanunua mwenyewe. Walikuwa wamebaki kwenye gunia."

Profesa alivua miwani.

"Mama, lakini pana mchanga," akasema taratibu. "Binti yako alituambia kambini, tena mara nyingi, kwamba wewe unaanika kwenye chanja. Dagaa wako hawana mchanga."

Sikulifikiria hilo kabisa. Nilimwona mama akiinua macho kutoka kwenye simu. Wachuuzi wa Tabora walikuwepo. Wa Dodoma walikuwepo. Wanawake wote wa Katonga, waliotafunishwa dagaa wake na kuulizwa kama wamesikia punje, walikuwepo. Jirani alikuwepo, hatua mbili tu kutoka hapo.

"Wakija wengi," mama akasema, "chanja haitoshi. Wengine naanika chini, kama wenzangu."

Hakuna aliyecheka. Nilitegemea wacheke, na nadhani hata yeye alitegemea.

"Na magunia?" profesa akauliza. "Nilimwambia alete mapya."

Nikafungua mdomo. Kiganja cha mama kikanifunika, kizito, kinanuka dagaa, kimenibana mpaka puani.

"Nilimpa mimi. Mapya hayapo huku. Alikataa, akasema profesa ametaka masafi, nikamwambia hayo ni masafi, usinifundishe kazi. Mimi ni mama yake, angefanyaje?"

Mwanamke huyu hajawahi kukiri gunia chafu maishani mwake. Na uongo alikuwa hausemi, alikuwa anatuchapa tukisema uongo. Nilijaribu kujinasua, akakaza mkono.

"Alikataa kweli?" profesa akauliza. Hakuwa mjinga. Nadhani alisikia jinsi nilivyokuwa nahangaika.

Ndipo jirani akasogea. Aliingiza uso wake kwenye picha, kando ya uso wa mama, macho yake bado mekundu.

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi, "nilikuwepo. Mtoto alikataa sana."

Profesa aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine. Akasema ahsante, akasema atatupigia, akakata.

Mama aliniachia. Alimgeukia jirani, na mimi nikatazama pembeni, kwa sababu kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kumwona mama yake akiyafanya. Nilisikia tu anasema nisamehe, mara moja, na jirani akamjibu kwa Kirundi neno ambalo sikulishika, na baada ya muda wakawa wanagombana nani atambebea nani beseni.

Hilo la kudanganya kwamba nimefunika kote nililiandika mwenyewe siku ile ile, ujumbe mrefu, bila kumwonyesha mama. Profesa hakujibu. Wiki zikaenda. Nilianza kuulizia kazi ya kufundisha sekondari. Halafu barua ikaja, nakala ya ile aliyotuma chuoni. Niliwasomea mama na jirani uani, nikitafsiri mstari kwa mstari. Ilisema mwanafunzi huyu alifanya kosa kubwa la kazi na akalificha. Mama akakunja uso. Ilisema hakuna mtu yeyote ambaye angeligundua kabla makala haijachapishwa, na yeye mwenyewe, pamoja na wataalamu watatu wa samaki, hawakuligundua. Ilisema alilitaja akijua litamgharimu nafasi hii, na kwa hiyo nafasi hii apewe. Na kuhusu magunia, ilisema, hana lawama: alipewa na mama yake mzazi, akakataa, akalazimishwa, na yupo shahidi.

"Soma tena hapo pa shahidi," jirani akasema.

Nikasoma tena. Alitikisa kichwa polepole, ameridhika.

Sasa nafundisha. Wanafunzi wangu wananiita mkali, na ni kweli. Nawaambia kila donge linaloingia stoo liwe na karatasi yake: nani alichimba, nani alifunga, kwa kitu gani, kimetoka wapi, hata kama ni aibu. Nimewahi kumrudisha kijana mzima mzima Rukwa kwa kuandika neno moja la uongo kwenye karatasi kama hiyo. Donge la nyonga lina karatasi yake pia. Profesa alinitaka niijaze mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kule chuoni, na akasimama karibu nikiandika, akinitazama mkono. Palipoulizwa magunia yalitoka wapi niliandika: yalitolewa na mama. Kusahihisha kunaruhusiwa, pana nafasi yake kabisa pale chini, unaweka tarehe na sahihi. Nimepita mbele ya karatasi ile mara nyingi nikiwa na kalamu mfukoni. Mama na jirani bado wanaanika pamoja Katonga, kila mmoja ameapa kwa imani yake kwamba nilikataa, na sitakuwa mimi wa kuwaita waongo.